Reli ya Mwendokasi: Je, Inastahili Fedha za Umma? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mjadala wa reli ya mwendokasi huwagawa watu mapema. Kuna wanaoona kila treni ya kilomita 300 kwa saa ni maendeleo, na kuna wanaoona kila senti iliyotumika humo ni ubadhirifu. Pande zote mbili hubishania treni, ilhali jambo la kuangalia ni njia: inaunganisha miji gani, watu wangapi wanasafiri kati yake, wanasafiri vipi leo, na reli iliyopo imejaa kiasi gani. Zipo njia duniani zilizostahili kila senti. Zipo nyingi zaidi ambazo hazikustahili, na waliozilipia wengi wao hawajawahi kuzipanda. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa msimamo huo.

Reli ya mwendokasi ni ipi hasa?

Umoja wa Kimataifa wa Reli, UIC, kwa kawaida huita reli ya mwendokasi ile iliyojengwa mpya kwa ajili ya treni za kilomita 250 kwa saa au zaidi, pamoja na reli za zamani zilizoboreshwa hadi kufikia kilomita 200 hivi. Upana wa reli hauamui kitu hapa. Upana wa milimita 1,435 unabeba treni za mwendokasi, na unabeba pia treni za mizigo zinazojikokota.

Kinachoamua kasi ni unyoofu wa njia. Treni ya kilomita 300 kwa saa huhitaji kona yenye nusukipenyo cha takriban mita 4,000 au zaidi. Haiwezi kuzunguka kilima wala kukwepa kijiji. Inapasua au inaruka juu. Haiwezi kukatizwa na barabara, kwa hiyo kila barabara inayokutana nayo lazima ipite juu au chini yake. Dereva hawezi kutegemea taa za pembeni mwa reli, maana zinampita kabla hajazisoma, hivyo ishara huletwa ndani ya chumba chake kwa mtambo. Na treni hiyo ikifunga breki, huchukua zaidi ya kilomita 3 kusimama. Ukiyajua hayo, swali linalofuata linajibika kwa urahisi.

Fedha nyingi hivyo zinakwenda wapi?

Zinakwenda ardhini. Treni zenyewe ni sehemu ndogo ya bili. Sehemu kubwa ni fidia, matuta, madaraja, mahandaki, vituo vya katikati ya miji, na kuhamisha mabomba na nyaya zilizokuwepo.

Wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya walichunguza njia kadhaa mwaka 2018 wakakuta wastani wa euro milioni 25 kwa kilomita moja, bila kuhesabu miradi ya mahandaki ambayo ni ghali zaidi. Benki ya Dunia, katika ripoti ya 2019, ilikadiria kuwa China inajenga kwa dola milioni 17 hadi 21 kwa kilomita kwa reli za kilomita 350 kwa saa. Watu husema ni kwa sababu ya ujira mdogo. Ujira unachangia, lakini sababu kubwa zaidi ni kurudia kazi ileile. Wachina huinua reli juu ya nguzo kwa masafa marefu. Daraja la Danyang–Kunshan peke yake lina kilomita takriban 164. Boriti ya zege ya mita 32, yenye uzito wa karibu tani 900, inamiminwa kwenye kiwanda kilichojengwa pembeni mwa njia, inabebwa na mtambo wenye magurudumu kadhaa unaopita juu ya boriti zilizokwisha kuwekwa, kisha inashushwa kwenye nguzo zake. Kesho yake wanaweka nyingine inayofanana nayo kabisa. Mhandisi hachori upya, na fundi hajifunzi upya.

Linganisha na mradi wa HS2 wa Uingereza. Njia ya London hadi Birmingham ina kilomita takriban 225. Ilichorwa kwa kasi ya kilomita 360 kwa saa, kubwa kuliko inayotumiwa na majirani zao wa Ulaya, na kasi hiyo ikanyoosha njia hadi ikabidi kuingia ardhini mahali pengi. Karibu na msitu wa Sheephouse Wood likajengwa paa refu la karibu kilomita moja ili popo wasigongwe na treni. Gharama yake imepita pauni milioni 100. Mwenyekiti wa kampuni ya HS2 alisema mwaka 2024 kwamba wamelazimika kupata vibali 8,276 kutoka mamlaka mbalimbali. Kulinda wanyama ni wajibu, nami sitetei kuwaua popo. Ila nchi ambayo kila daraja lake linaombewa kibali peke yake haiwezi kujenga kwa bei ya nchi nyingine, na ni vema wananchi waambiwe hivyo kabla ya kura kupigwa bungeni.

Je, nauli hurudisha fedha za ujenzi?

Mara chache sana. Mifano miwili inayotajwa kila mahali ni Tokyo–Osaka na Paris–Lyon, na yote miwili ni ya kweli, lakini tazama ilivyokuwa.

Shinkansen, yaani reli ya mwendokasi ya Japani, ya Tokyo–Osaka, kilomita 515, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964. Reli ya zamani kati ya miji hiyo ilikuwa imefurika: treni za abiria na za mizigo zilikuwa zinasukumana, na nafasi ya kuongeza nyingine haikuwepo. Wajapani walijenga njia ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa haitoshi, na kwa kuwa walikuwa wanajenga upya wakaona waijenge ya kasi. Ukanda ule ulikuwa, na bado ni, miongoni mwa maeneo yenye watu wengi zaidi duniani. Leo treni moja ya mabehewa 16 ina viti 1,323, na saa za msongamano treni za haraka zaidi huweza kufika 12 kwa saa moja.

Paris–Lyon ilianza mwaka 1981. Wafaransa walichora njia yenye miinuko mikali, hadi mita 35 kwa kila mita 1,000, kwa kuwa treni nyepesi za umeme zenye nguvu zinaweza kuipanda. Matokeo yake, kati ya Paris na Lyon hapana handaki hata moja. Waliokoa fedha nyingi kwa uamuzi huo mmoja, abiria wakajaa, na mikopo ya ujenzi ikawa imelipwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Baada ya hapo kila njia mpya ilikwenda kwenye miji midogo zaidi au kupita kwenye ardhi ngumu zaidi, na hesabu ikaharibika. Serikali ya Ufaransa ilibeba euro bilioni 35 za deni la shirika la reli, bilioni 25 mwaka 2020 na bilioni 10 mwaka 2022. Uingereza ilijenga HS1, inayounganisha London na handaki la kwenda Ufaransa, kwa takriban pauni bilioni 5.8. Mwaka 2010 ikauza haki ya kuiendesha kwa miaka 30 kwa pauni bilioni 2.1. Tofauti hiyo ilibebwa na mlipakodi.

Mtu anapokwambia "treni zinapata faida", muulize faida ipi. Treni nyingi za mwendokasi hulipa umeme wake, wafanyakazi wake na matengenezo yake, na kubaki na salio. Kulipa umeme ni jambo moja. Kulipa tuta, daraja na riba ya mkopo ni jambo jingine, na wanasiasa hupenda kuyachanganya hayo mawili.

Barabara nazo hazirudishi fedha. Kwa nini reli ibanwe?

Hoja ni ya haki. Serikali haijengi barabara au hospitali ili ipate faida, na reli ina faida ambazo haziingii kwenye dirisha la tiketi: muda unaookolewa, ajali zinazopungua barabarani, hewa safi, nafasi inayoachwa kwenye reli ya zamani.

Lakini faida hizo lazima zihesabiwe, tena kwa uaminifu. Nyingi kati yake hutokana na dakika zinazookolewa, zikizidishwa kwa idadi ya abiria na kwa thamani ya saa ya mtu. Wakaguzi wa Ulaya walipogawanya gharama kwa dakika, walikuta wastani wa euro milioni 90 kwa kila dakika moja iliyookolewa, na kwenye njia 4 kati ya 10 ilizidi milioni 100. Walikuta pia kwamba treni hukimbia kwa wastani wa asilimia 45 tu ya kasi ambayo njia ilijengewa, kwa sababu zinasimama mara nyingi na huacha njia mpya zikaingia ya zamani. Maana yake, umma ulilipia kilomita 300 kwa saa ukapewa chini ya nusu yake.

Abiria wangapi wanatosha?

Wanauchumi wa usafiri Ginés de Rus na Gustavo Nombela walikokotoa mwaka 2007 kwamba njia ya kilomita 500 huhitaji abiria kati ya milioni 8 na 10 katika mwaka wake wa kwanza ili faida kwa jamii zifikie gharama. Namba hiyo hupanda pale ujenzi unapokuwa wa ghali, na hushuka kidogo pale reli ya zamani inapokuwa imejaa kabisa.

Ni abiria wengi. Ni wastani wa watu 22,000 hadi 27,000 kila siku ya mwaka, mvua inyeshe au jua liwake, na wawe wanasafiri umbali mrefu wa njia hiyo, si wa kupanda na kushuka kituo kinachofuata. Miji miwili mikubwa iliyo umbali wa kilomita 300 hadi 700 inaweza kuwatoa. Mji mkuu mmoja na mji wa kawaida haiwezi.

Hispania inaonyesha ncha zote mbili. Ina mtandao wa karibu kilomita 4,000, mrefu kuliko wote Ulaya. Madrid–Barcelona, kilomita 621 zinazokwenda kwa saa mbili na nusu, hujaa. Lakini mwaka 2011 huduma ya moja kwa moja kati ya Toledo, Cuenca na Albacete ilifutwa baada ya miezi michache: ilikuwa inapata wastani wa abiria 9 kwa siku, na kuiendesha kuligharimu takriban euro 18,000 kila siku. Treni ileile, teknolojia ileile, nchi ileile.

Kwa nini makadirio hukosea kila mara?

Hukosea kwa upande mmoja, na hilo ndilo linalotia shaka. Makosa ya kawaida ya hesabu yangekuwa juu mara nyingine na chini mara nyingine. Mtafiti wa miradi mikubwa Bent Flyvbjerg na wenzake walichunguza miradi 258 ya usafiri mwaka 2002 wakakuta ile ya reli ilipita bajeti kwa wastani wa asilimia 45 hivi. Uchunguzi wao uliofuata, wa 2005, ulikuta kuwa katika miradi 9 kati ya 10 ya reli abiria walikadiriwa kupita kiasi, na waliojitokeza walikuwa karibu nusu ya waliotarajiwa.

Hata Shinkansen ya kwanza, ambayo leo kila mtu anaisifu, iligharimu karibu maradufu ya fedha zilizoidhinishwa. Shinji Sogo, rais wa shirika la reli, na mhandisi mkuu Hideo Shima waliondoka kazini mwaka 1963, kabla treni yao haijaanza. Mradi ukaja kuwaokoa kwenye historia kwa sababu abiria walikuwepo. Wanaouiga mfano huo husahau kipande hicho.

California ni funzo la namna nyingine. Novemba 2008 wapiga kura waliidhinisha hati fungani za dola bilioni 9.95 kwa ajili ya reli ya San Francisco hadi Los Angeles, mradi wote ukikadiriwa kwa dola bilioni 33 hivi na kutarajiwa kukamilika 2020. Uzinduzi wa ujenzi ulifanyika Fresno Januari 2015 wakati viwanja vingi vilikuwa havijanunuliwa. Wakandarasi wakawa wanasubiri ardhi huku mkataba unahesabu siku. Sasa makadirio yamepita dola bilioni 100, na kinachojengwa ni kipande cha bonde la kati, mbali na miji yote miwili.

Ningeomba kila mwananchi adai mambo mawili kabla ya jiwe la msingi: ardhi yote iwe mkononi, na makadirio ya abiria yafanywe na mtu ambaye halipwi mradi ukipita. Tena asilinganishe mradi na ndoto zake mwenyewe. Alinganishe na miradi iliyokwisha kujengwa, aone ilipita bajeti kwa kiasi gani, kisha aongeze kiasi hicho tangu mwanzo. Ni hesabu isiyopendeza kuisoma jukwaani, lakini ndiyo inayokaribia ukweli.

Je, itapunguza safari za ndege?

Hapa ndipo reli ya mwendokasi hung'ara kweli. Safari ya treni ikiwa chini ya saa tatu, watu wengi huacha ndege, kwa sababu treni huwashusha katikati ya mji na hakuna foleni ya mizigo. Madrid–Barcelona ilikuwa moja ya njia za ndege zenye shughuli nyingi zaidi duniani. Treni ilipofika Barcelona mwaka 2008, abiria wengi wakahama. Taiwan ilifungua reli yake mwaka 2007, na kufikia 2012 safari za ndege kwenye ukanda wa magharibi wa kisiwa zilikuwa zimekwisha. Ufaransa imekwenda mbali hadi kupiga marufuku baadhi ya safari fupi za ndege pale treni inapotumia chini ya saa mbili na nusu. Sheria hiyo ilianza kutumika Mei 2023.

Ikipita saa nne, mambo hugeuka, ndege hushinda. Kwa hiyo kilomita 1,000 na kuendelea huwa ngumu, isipokuwa pale kasi inapokuwa kubwa sana na miji ni mikubwa sana. Beijing–Shanghai, kilomita 1,318, ni mfano: ilifunguliwa 2011, inapata faida, na kampuni yake iliingia soko la hisa la Shanghai mwaka 2020. Njia nyingi za magharibi mwa China haziwezi hata kuota hilo.

Na mazingira?

Treni iliyojaa, ikiendeshwa kwa umeme safi, inachafua hewa kidogo sana kuliko ndege au gari. Lakini zege na chuma cha ujenzi huchafua kabla ya abiria wa kwanza kupanda, na deni hilo la hewa hulipwa na abiria waliohama kutoka kwenye ndege na magari tu. Abiria aliyehama kutoka treni ya kawaida hapunguzi kitu. Pengine anaongeza, kwa kuwa upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Njia yenye mahandaki mengi na abiria wachache haina utetezi wa kimazingira.

Je, huinua uchumi wa miji inakopita?

Huinua mji ulio tayari kuinuka, na ukiwa na kituo katikati yake. Lille, kaskazini mwa Ufaransa, ilikuwa mji wa viwanda vya nguo vilivyokuwa vinakufa. Meya wake Pierre Mauroy, aliyewahi kuwa waziri mkuu, alipigana hadi njia ya kwenda London ikapindishwa ipite mjini. Kituo cha Lille-Europe kilifunguliwa katikati ya miaka ya 1990, na kando yake ukaota mtaa mpya wa ofisi na maduka. Mji ukabadilika.

Amiens haikupata bahati hiyo. Njia ileile ilipita mbali nayo, na eneo lile likapewa kituo cha Haute-Picardie, kilichosimama katikati ya mashamba. Wenyeji walikibatiza jina la kituo cha viazi sukari. Huko Hispania, kituo cha Guadalajara-Yebes kilijengwa kilomita kadhaa nje ya mji, na mji mpya uliopangwa kukizunguka ulikwama wakati soko la nyumba lilipoanguka.

Hatari ya pili haisemwi sana: reli hubeba watu pande zote mbili. Mji mdogo ukisogezwa hadi umbali wa saa moja kutoka mji mkuu, wateja wake nao husogezwa karibu na maduka, wanasheria na hospitali za mji mkuu. Kampuni iliyokuwa na tawi huweza kulifunga ikatuma mtu asubuhi na kumrudisha jioni. Sisemi hutokea kila mahali. Nasema ripoti inayohesabu faida ya kila mji bila kuhesabu hasara ya hata mmoja ni ripoti ya kuuza mradi.

Nani anapanda, na nani analipa?

Swali hili ndilo linaloniuma zaidi, na ningetaka liulizwe la kwanza badala ya la mwisho.

Anayepanda, kwa kawaida, ni mwenye kipato cha juu ya wastani: mfanyabiashara, mtumishi aliyelipiwa na ofisi, mtalii. Anayelipa ni kila mtu. Mwenye kuamka alfajiri kwenda kazini kwa treni ya kawaida ya pembezoni mwa jiji, iliyojaa hadi mlangoni na inayochelewa kila wiki, analipia pia reli ya mwendokasi kwa kodi yake, na mara nyingine analipia mara mbili, kwa sababu fedha za matengenezo ya reli yake zimehamishiwa huko.

Huko Hispania, mamlaka huru ya usimamizi wa fedha za umma, AIReF, ilihesabu mwaka 2020 kwamba kati ya 1990 na 2018 nchi iliwekeza takriban euro bilioni 56 kwenye reli ya mwendokasi, na chini ya bilioni 4 kwenye treni za mijini za Cercanías. Hizo za pili ndizo zinazobeba sehemu kubwa kabisa ya abiria wote wa reli.

Ufaransa ilionywa mapema. Mwaka 2005 wataalamu wa chuo cha ufundi cha Lausanne waliagizwa kukagua mtandao wake, wakaeleza kwamba reli za kawaida zinachakaa na matengenezo hayatoshi. Ujenzi wa njia mpya za kasi uliendelea. Tarehe 12 Julai 2013 treni ya kawaida ilipinduka katika kituo cha Brétigny-sur-Orge, kusini mwa Paris, baada ya kipande cha chuma cha kuunganishia reli kuchomoka mahali pake kwa boliti zilizolegea na kukatika. Watu 7 walikufa. Hakuna anayeweza kusema fedha za njia fulani ya kasi zingezuia boliti zile. Lakini nchi iliyokuwa na fahari ya treni za kasi ilikuwa imeambiwa miaka minane kabla kwamba reli ya kila siku inahitaji fedha.

Nauli zinaweza kusaidia kupunguza dhuluma hii. Italia iliruhusu kampuni ya pili, Italo, mwaka 2012, na Hispania ikafungua mlango kwa Ouigo mwaka 2021 na Iryo mwaka 2022. Tiketi zikashuka bei na watu waliokuwa wanapanda mabasi wakaingia kwenye treni. Nchi ambayo imekwisha kujenga na treni zake zina viti vitupu haina sababu ya kukataa ushindani wa namna hiyo.

Je, si afadhali kuboresha reli iliyopo?

Mahali pengi, ndiyo, na ningependa jibu hili lisomwe na kila kamati ya bunge. Mwaka 1976 Uingereza ilianza kuendesha treni za dizeli za kilomita 200 kwa saa kwenye njia zilizojengwa enzi za Malkia Victoria. Walibadilisha treni, breki na ishara, wakaacha njia palepale. Zilitumika kwa zaidi ya miaka 40.

Uswisi ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1987 wananchi walipiga kura ya maoni wakapitisha mpango wa Reli 2000. Wahandisi walianza na ratiba. Waliamua kwamba treni zote ziingie kwenye miji mikuu muda mfupi kabla ya saa kamili, na ziondoke muda mfupi baadaye, ili anayetoka mji wowote apate treni ya kuunganisha bila kukaa kituoni. Kisha wakauliza: ili ratiba hiyo iwezekane, ni wapi tunahitaji kupunguza dakika? Bern na Zürich zilitakiwa kuwa chini ya saa moja. Kwa hiyo wakajenga kipande kipya cha kilomita 45 kati ya Mattstetten na Rothrist, cha kilomita 200 kwa saa, kwa kuwa ndicho kilichohitajika. Desemba 2004 ratiba mpya ikaanza. Waswisi leo ndio wanaoongoza Ulaya kwa kilomita ambazo kila mtu husafiri kwa treni, na hawana njia ndefu ya kilomita 300 kwa saa.

Mtu anayesafiri hupima safari kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni anakokwenda. Kukata dakika 20 za kusubiri treni ya kuunganisha ni sawa na kukata dakika 20 za mwendo, kwa sehemu ndogo ya bei. Sweden ilifikia uamuzi unaofanana na huo Desemba 2022, serikali yake iliposimamisha mipango ya njia kuu mpya za mwendokasi.

Uboreshaji una kikomo, ni kweli. Njia iliyojaa haiboreshwi hadi ikaongeza nafasi mara mbili, na kuijenga upya huku treni zinapita ni kazi ya miaka ya usumbufu. Hapo njia mpya hustahili kufikiriwa, na ikifikiriwa, ijengwe kwa sababu ya nafasi.

Kampuni binafsi haziwezi kujenga kwa fedha zao?

Taiwan ilijaribu. Kampuni binafsi ilijenga na kuendesha njia ya karibu kilomita 350 kwa mkataba wa miaka 35. Abiria walikuja wachache mno kuliko waliotabiriwa, riba ikaielemea, na mwaka 2009 serikali ikachukua usukani wa bodi. Mwaka 2015 mkataba ukarefushwa hadi miaka 70 ili kampuni isifilisike. Treni zenyewe ni nzuri na leo zina abiria wengi. Ila reli ya namna hii haiachwi ife, na kila mwekezaji analijua hilo anapotia sahihi. Hatari hubaki kwa umma hata pale karatasi zinaposema vingine.

Kwa nini tusisubiri teknolojia mpya zaidi?

Kampuni maarufu zaidi ya hyperloop, yaani magari ya kusafiri ndani ya bomba lililoondolewa hewa, Hyperloop One, ilifungwa mwishoni mwa 2023. Treni za sumaku, zinazoelea juu ya njia yake, zipo: ya Shanghai ina njia ya kilomita 30 hivi tangu miaka ya mwanzo ya 2000 na haikuendelezwa kuwa njia kuu. Njia ya Japani ya Tokyo–Nagoya ilitarajiwa 2027 na imeahirishwa. Anayeshauri kusubiri teknolojia hizi mara nyingi anashauri kutofanya lolote.

Mradi ukishaanza na gharama zikapanda, uachwe au umaliziwe?

Fedha zilizokwisha kutumika zisiingie kwenye hesabu. Zimekwenda, na hazirudi kwa kumalizia wala kwa kuacha. Kinachopimwa ni gharama iliyobaki dhidi ya faida itakayopatikana ikiwa kazi itakamilika, na jibu linaweza kuwa kuacha hata baada ya mabilioni.

Baya kuliko yote mawili ni kukata katikati bila kupima. Oktoba 2023 waziri mkuu Rishi Sunak alifuta sehemu ya HS2 kutoka Birmingham kwenda Manchester. Sehemu iliyobaki, ya London hadi Birmingham, ndiyo ghali zaidi kwa kilomita, na ilihalalishwa kwa kuhesabu abiria wa kaskazini ambao sasa hawatakuwa na njia mpya. Treni za HS2 zitatoka kwenye reli mpya karibu na Birmingham na kuingia ya zamani ili zifike Manchester. Kwenye reli hiyo ya zamani haziwezi kuunganishwa mbili mbili kama ilivyopangwa, kwa kuwa vituo na majukwaa hayatoshi, na moja peke yake ina viti vichache kuliko treni za Pendolino zinazotumika sasa. Ofisi ya taifa ya ukaguzi ya Uingereza ililieleza hilo mwaka 2024: bila hatua nyingine, abiria wa Manchester watapata viti pungufu kwa takriban asilimia 17 kuliko walivyonavyo leo.